Neno Alilolitamka Maître Ghada

Mzee Himid alikuwa na duka la makufuli, bawaba na misumari katika mtaa wa Asiatiki, Bujumbura. Kabla yake duka lilikuwa la baba yake, aliyefika kutoka Ujiji akiwa kijana, na kabla ya Ujiji ukoo wao ulitoka Omani. Wateja walimwita Mwarabu, naye aliitika. Alizaliwa Bujumbura, akaoa Bujumbura, wazazi wake wamezikwa Bujumbura, lakini moyoni alijihesabu mgeni, na watoto wake aliwalea hivyo hivyo. "Mgeni hukaa karibu na mlango," aliwaambia. "Akiulizwa, hujibu kwa adabu. Asipoulizwa, hunyamaza."

Binti yake mkubwa, Ghada, hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisoma sheria chuo kikuu, akala kiapo cha uwakili mwaka 1992, mwaka uleule nchi ilipopata katiba mpya. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na nywele nyingi alizozifunga nyuma kwa kibanio cheusi. Nyumbani na msibani alijitanda mtandio kama wanawake wote wa kwao. Kortini alivaa joho jeusi na ukosi mweupe, kichwa wazi. Mama yake hakupenda. Baba yake alisema mwacheni, korti ni nyumba ya watu, na nyumba ya watu ina desturi zake.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Mitaa ikagawanyika, na ikafika mahali mtu akikuuliza unakaa wapi, ulijua anauliza jambo lingine, kabila lako. Mawakili nao waligawanyika. Mteja aliyetafuta wakili alitazama kwanza pua na kimo, kisha vyeti. Hapo ndipo ugeni wa Ghada, ambao baba yake aliuona kuwa mzigo, ulipogeuka kuwa faida. Hakuwa wa huku wala wa kule. Watu waliochelea kumwambia wakili mwingine siri zao walikuja kwake.

Kesi iliyompa jina ilikuwa ya kanisa moja dogo la walokole kule Carama. Wenye mamlaka waliufunga mlango wake, wakidai waasi hukutania humo. Waumini walifika ofisini kwa Ghada wakiwa na Biblia zao kwapani, wakaeleza kwamba kule ndani hakuna waasi, kuna mabenchi na ngoma tu. Ghada alikwenda kortini akasema: "Serikali ina haki ya kutafuta bunduki chini ya benchi. Haina haki ya kuifungia sala mlango." Kanisa likafunguliwa. Tangu siku ile, kila aliyekuwa na ugomvi wa dini na dola alielekezwa kwake: Waislamu waliogombea kiwanja cha wakfu, masista walionyang'anywa shamba, watu wa madhehebu yaliyokatazwa kuhubiri sokoni. Mwaka 1996 katiba ilipowekwa kando, na sheria nyingine ikaja miaka miwili baadaye, Ghada alizibeba zote mbili katika mkoba wake, zikiwa na alama za kalamu nyekundu kwenye kurasa za uhuru wa kuabudu. Mawakili wenzake walimtania kwamba mkoba wake ni msikiti na kanisa kwa pamoja.

Mwaka 1999, shule zilipofunguliwa, mama mmoja wa mtaa wa Jabe alimfuata. Jina lake Thuwaiba, mjane, aliyeuza vitenge na nguo za watoto katika soko la Jabe. Alikuja na binti yake Dalia, mwenye miaka kumi na saba, msichana mwembamba aliyezungumza kidogo na kusikiliza sana.

"Maître," alisema Thuwaiba, akimwita kwa jina la heshima la mawakili, "mutoto wangu wamemufukuza shule. Si kwa kuiba, si kwa kutukana. Kwa hii." Akagusa hijabu ya binti yake.

Direkta wa lise, yaani mkuu wa shule ya sekondari aliyosoma Dalia, alikuwa ameweka kanuni mpya: hakuna mwanafunzi kuingia darasani akiwa amefunika kichwa. Sababu aliyoitoa ilikuwa usalama. Nyakati ni mbaya, alisema, na chini ya kitambaa mtu aweza kuficha chochote. Wasichana wengine wa Kiislamu walivua, wakalia, wakazoea. Dalia alirudi nyumbani.

"We unataka nini?" Ghada alimwuliza msichana.

"Nataka kusoma," Dalia akajibu. "Na nataka kubaki hivi nilivyo. Wanaweza kunisachi kila asubuhi, sitakataa. Lakini kuvua, apana."

Ghada aliipenda kesi ile mara moja. Ilikuwa safi. Msichana alikuwa wa kwanza au wa pili darasani, mama yake hakuwa na adui, na sheria ilikuwa wazi upande wao. Isitoshe, ilikuwa kesi ya kwao. Alimwambia Thuwaiba, "Mama Dalia, hii tutashinda, inshallah," na Thuwaiba akambusu mkono, ingawa Ghada ndiye aliyekuwa mdogo.

Kesi ilisikilizwa baada ya Krismasi. Chumba kilijaa, maana redio zilikuwa zimeitaja. Wakili wa shule alikuwa Maître Adrien, aliyesoma na Ghada chuoni, mtu wa miwani na maneno machache. Thuwaiba na Dalia walikaa benchi la pili. Mambo yote yaliendeshwa kwa Kifaransa, ambacho Thuwaiba hakukijua, kwa hiyo Dalia alimnong'oneza mama yake maana.

Ghada alizungumza vizuri. Kila aliyekuwepo alikiri hivyo. Alieleza kwamba usalama unalindwa kwa kusachi, si kwa kuvua, na kwamba direkta hakuonyesha hata tukio moja la hatari lililotokana na hijabu. Majaji walikuwa wakiandika. Adrien alikuwa amejiinamia, kalamu mdomoni, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Ndipo prezida wa korti, jaji aliyeongoza kikao, mzee mpole aliyependa utani, akaweka kalamu chini akatabasamu.

"Maître Ghada, nikuulize jambo. Wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Miaka yote hii unasimama mbele yetu, na nywele zako tunaziona. Ni nzuri." Watu wakacheka kidogo. "Imani yako imepungua kwa ajili hiyo?"

Chumba kizima kikacheka sasa, na kicheko hakikuwa cha ubaya. Kilikuwa kicheko cha watu wa nyumba moja wanaomtania ndugu yao. Ghada naye akacheka.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa ameliandaa wiki nyingi kabla, akijua swali lile laweza kuulizwa: kwamba imani ya mtu haipimwi kwa mtu mwingine, kwamba yeye Ghada si kipimo, kwamba aliyeletwa mbele ya korti ni Dalia na dhamiri yake. Maneno yalikuwa ulimini. Lakini joto la kile kicheko lilikuwa limemzunguka, na majaji walikuwa wakimtazama kwa upendo, na yeye, binti wa mtu aliyekaa karibu na mlango maisha yake yote, alijiona amekaribishwa katikati ya nyumba. Hakutaka kuwaharibia furaha. Hakutaka kuwa yule mwanamke mkali wa Kiislamu.

"Hapana, mheshimiwa," alisema, bado akitabasamu. "Kusema kweli, kwetu kitambaa ni desturi ya nyumbani, si nguzo ya imani. Mtu anaweza kukivua asipungukiwe na kitu."

Prezida akaitikia kwa kichwa. Karani akaandika. Adrien akainua uso, akamtazama Ghada kwa mshangao, na zamu yake ilipofika alisimama akasema tu, "Sina la kuongeza kwa yale aliyoyasema mwenzangu."

Ghada aligeuka. Katika benchi la pili Thuwaiba alikuwa akimvuta binti yake mkono. "Anasema nini? Mbona wanacheka?"

Dalia alikuwa amekifahamu kila kitu. Alimtazama wakili wake, kisha akamwinamia mama yake. Ghada aliyasikia majibu yake, maana hawakuwa mbali.

"Anasema vizuri, mama."

Hukumu ilitoka baada ya muda mfupi. Korti ilikataa ombi la Dalia, na katika sababu zake iliandika kwamba wakili wa mlalamikaji mwenyewe, aliye wa dini hiyo, amekiri mbele ya korti kuwa kitambaa ni desturi tu. Ghada aliisoma akiwa amesimama koridoni. Masikio yalimwaka moto. Aliikunja karatasi, akaitia mkobani, akapita upande wa nyuma ili asikutane na mtu.

Njia ya rufaa ilikuwepo. Lakini kukata rufaa kungemaanisha kulipeleka neno lile mbele ya majaji wengine, lisomwe tena kwa sauti, naye aeleze kwa nini alilisema. Alijiambia atatafakari. Akapata safari ya Gitega, barabara ikafungwa kwa shambulio, akarudi amechelewa. Akaugua kidogo, ugonjwa ambao mtu mwingine angekwenda nao kazini. Muda wa rufaa ukapita.

Thuwaiba alimtembelea ofisini bila kutarajiwa. Alikuja na sahani ya sambusa iliyofunikwa, Dalia akiwa nyuma yake. Ghada alijiandaa kulaumiwa. Badala yake yule mama aliweka sahani mezani, akamshika mikono yote miwili.

"Usijitese, mwanangu. Najua. Walikutisha."

Ghada aliitazama ile mikono iliyomshika.

"Dalia ameniambia yote," Thuwaiba akaendelea. "Kwamba ulikuwa unasema vizuri, kisha wakakutumia watu. Sasa ni vita. Nani hatishwi? Jirani yangu mume wake alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. We uko na wazazi, uko na maisha yako. Mi siwezi kukudai ufe kwa kitambaa cha mutoto wangu. Pale sokoni nimewaambia wote: Maître alifanya kazi yake, ni wale wakubwa ndio wamemuzuia."

Ghada alimtazama Dalia. Msichana alikuwa ameegemea mlango, macho kwenye sakafu. Hakuinua uso hata mara moja. Alikuwa amemjengea wakili wake nyumba ya kujificha, akamwachia mlango wazi.

Na Ghada akaingia. "Asante, Mama Dalia," alisema. Hilo tu. Hakusema nimetishwa, wala hakusema sikutishwa. Walipoondoka alizitazama zile sambusa mpaka zikapoa, kisha akampa mlinzi wa jengo zote.

Hakuna aliyemtisha. Hilo ndilo lililomtesa katika miaka iliyofuata. Angekuwa ametishwa kweli, angekuwa na kitu cha kushika. Bujumbura ilikuwa imejaa watu waliofanya mambo mabaya wakiwa na bunduki kisogoni, na mji ulikuwa umejifunza kuwahurumia. Yeye alichekewa tu, na kicheko kikatosha.

La ajabu ni kwamba heshima yake ilipanda. Wakubwa walianza kumwalika kwenye semina za amani na maridhiano. Walimtambulisha kwa wageni kwamba huyu ni Maître Ghada, Mwislamu mwenye busara. Akahamia Kinindo, nyumba yenye bustani, jirani na wafanyakazi wa mashirika. Mzee Himid alijivuna kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Wamempa kiti." Ghada akisikia hayo alikwenda jikoni kutafuta maji asiyoyahitaji.

Jabe hakupita tena. Ikibidi kwenda upande ule, aliendesha gari kwa njia ya kuzunguka. Lakini habari hazina njia ya kuzunguka. Alisikia kwamba Dalia anauza vitenge pamoja na mama yake. Alisikia pia kwamba shule nyingine mbili zimeiga ile kanuni, na kila mzazi aliyelalamika alionyeshwa hukumu.

Mwaka 2002 alipokea kesi ya Scholastique, mwalimu wa hesabu aliyekaa Carama, Msabato. Shule moja ya binafsi ilimfukuza kwa sababu alikataa kusimamia mitihani siku ya Jumamosi. Scholastique alikuwa mama wa makamo, mnyamavu, mwenye viatu vilivyopakwa rangi kila siku ingawa alitembea njia ya vumbi. Alimchagua Ghada kwa sababu ya kanisa lile la walokole, ambalo lilikuwa jirani na kwake.

Wakili wa shule alikuwa tena Adrien.

Siku ya kusikilizwa Ghada alitoa hoja zake kama kawaida. Adrien aliposimama alikuwa na karatasi mkononi. Hakuwa na furaha. Alimtazama Ghada kwanza, kama mtu anayeomba radhi, kisha akasoma. Alisema korti imekwisha kuamua kwamba si kila jambo ambalo muumini analiita imani ni imani. Mengine ni desturi tu, ambazo mtu anaweza kuziacha asipungukiwe na kitu. "Maneno haya," akamaliza, "si yangu. Ni ya Maître Ghada mwenyewe."

Prezida, huyu sasa alikuwa mwingine, kijana zaidi, akauliza, "Maître, una la kusema?"

Ghada alifunga jalada lake. Aliomba kesi iahirishwe, akapewa wiki mbili.

Nje, kwenye ngazi, Scholastique alimngoja.

"Maître, yale maneno kweli ni yako?"

"Ndiyo. Ni yangu."

"Uliyaamini?"

"Hapana."

Scholastique alifikiri kidogo. "Basi kwa nini uliyasema?" aliuliza, bila ukali, kama anavyomwuliza mwanafunzi amefikaje kwenye jibu lisilo sahihi. Ghada aliona machozi yanakuja, akajifanya anatafuta ufunguo wa gari.

Kesho yake alikwenda Jabe. Aliegesha mbali akatembea. Thuwaiba alimwona kutoka ng'ambo ya kibanda chake, akapiga makofi kwa furaha. "Maître wangu! Dalia, lete kiti!" Akawaambia wauzaji wa jirani, "Huyu ndiye yule niliwaambia."

Dalia alileta kiti. Alikuwa amekuwa mwanamke sasa, hijabu ya kahawia, kanda ya kupimia nguo shingoni. Ghada hakukaa.

"Mama Dalia, nimekuja kusema jambo, na nakuomba nilimalize kabla hujanijibu," alisema. "Hakuna mtu aliyenitisha. Siku ile jaji aliniuliza swali kwa utani, watu wakacheka, na mimi nikasema hijabu si kitu. Nilisema ili wanipende. Kesi ya Dalia niliiangusha mimi, kwa mdomo wangu. Na rufaa sikuikata kwa sababu niliona aibu. Ulipokuja na sambusa nilikuacha uamini uongo."

Alikuwa amefikiri kwamba akishasema, kifua kitapata nafasi. Haikuwa hivyo. Thuwaiba alikuwa ameshika kitenge kilichokunjuliwa nusu, na aliendelea kukikunja polepole, pembe kwa pembe, mpaka kikawa mraba mdogo. Alipozungumza hakumwelekea Ghada. Alimwelekea binti yake.

"We ulijua?"

"Mama, mi nilikuwa nafahamu Kifaransa."

"Nakuuliza ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia walimutisha."

"Ungefanya nini kama ningekuambia kweli?" Dalia alisema. "Ulimupenda kama mutoto wako. Kila siku ulikuwa unamuombea baada ya swala. Nilikuwa nimepoteza shule. Sikutaka na we upoteze kitu."

Thuwaiba alikaa juu ya kile kiti kilicholetwa kwa ajili ya mgeni. Wauzaji wa jirani walikuwa wakijifanya wanapanga bidhaa. "Miaka yote hii," alisema, "nimesimama hapa natetea mtu kwa uongo. Mimi. Nimeapa wallahi mbele ya watu." Akainua mkono kumzuia Ghada asikaribie. "Apana, Maître. Nimekusikia. Sasa wende."

Ghada alimgeukia Dalia. "Nisamehe," alisema.

"Nilikuwa nimekusamehe zamani," Dalia akajibu, "nilipokuwa nadhani una aibu peke yako. Sasa aibu umemuletea na mama." Kisha akageuka kumshika mama yake bega, na Thuwaiba akalitoa lile bega.

Ghada alirudi kwenye gari kupitia katikati ya soko, watu wakimpisha njia. Alikuwa ameleta ukweli, na ukweli ule ulikuwa umevunja kitu ambacho uongo wa mtoto ulikuwa umekishikilia kwa upendo. Alikaa nyuma ya usukani, joto likiwa kali, madirisha yamefungwa. Alijiona mchafu kuliko alivyokuja.

Hata hivyo kesi ya Scholastique ilikuwa bado. Wiki mbili zilipokwisha alisimama kortini akasema, kwa Kifaransa kilekile alichokitumia kuharibu:

"Waheshimiwa, maneno aliyoyasoma mwenzangu niliyasema mimi, na hayakuwa kweli. Mteja wangu hakunituma kuyasema. Aliniambia kinyume chake. Niliyasema kwa sababu niliulizwa mbele ya watu nami nikataka kupendeza. Msichana mmoja alipoteza shule yake kwa ajili hiyo. Naomba yasitumiwe tena dhidi ya mtu yeyote."

Safari hii hakuna aliyecheka. Adrien alikuwa ameinama akisafisha miwani. Prezida alikohoa, akamkumbusha kwamba wakili hatoi ushahidi dhidi yake mwenyewe, na kwamba hukumu iliyokwisha kutolewa haifutwi kwa majuto. Akaamuru waendelee.

Scholastique alishinda. Lakini hakushinda kwa ajili ya Sabato, wala kwa ajili ya yale aliyoyakiri Ghada. Korti iliona kwamba alifukuzwa bila kusikilizwa kwanza, na hilo pekee likatosha kumrudisha kazini. Kuhusu imani na desturi, majaji hawakuandika hata mstari mmoja. Scholastique alimshukuru, akampa mkono. "Angalau ulisema," alimwambia, na Ghada hakujua kama ilikuwa sifa au huruma.

Chama cha mawakili kilimwita. Walimtendea kwa staha, jambo lililomwumiza zaidi. Wazee wawili wa chama walimshauri atafute cheti cha daktari, aseme alikuwa amechoka kwa sababu ya vita. Wakili aliyechoka anaeleweka, walisema. Alikataa. Chama kikamsimamisha kazi nusu mwaka kwa kumsaliti mteja.

Pigo alilolihofia zaidi lilitua dukani kwa baba yake. Msikitini watu walianza kumwuliza Mzee Himid kama ni kweli binti yake aliiuza hijabu kortini ili apate kiti. Mzee aliacha kwenda Ijumaa. Aliswali nyumbani, peke yake, mwanamume ambaye hakuwahi kukosa swala ya jamaa tangu utotoni.

"Ungenyamaza," alimwambia Ghada. "Lilikuwa limekwisha kusahauliwa."

"Dalia alikuwa hajasahau, baba."

"Dalia alikuwa amekufichia!"

"Ndiyo," alisema Ghada. "Ndiyo maana."

Baba yake hakuelewa, au alielewa akachoka. Aligeuka kupanga makufuli rafuni. Ilichukua miezi mingi kabla hajarudi msikitini, na aliporudi alichagua safu ya mwisho.

Mwaka 2003, mabomu yalipoangukia mitaa ya kusini na watu wa Kinindo wakakimbilia mjini na magodoro vichwani, Ghada aliiacha ile nyumba ya bustani, akarudi kuishi juu ya duka la wazazi. Kazi alikuwa amekwisha kuirudia, lakini wateja walikuwa wachache. Waislamu wengi walimkwepa, na wale wakubwa wa semina hawakumwalika tena. Waliobaki walikuwa watu wasio na pa kwenda. Aliwakalisha, akawauliza wanaamini nini, akayaandika kwa maneno yao, akawasomea. Wengine walishangaa, hawakuwa wamezoea wakili anayeuliza hivyo. Alimtumia Thuwaiba ujumbe mara mbili, kwamba angependa kumlipia Dalia masomo. Mara zote mbili jibu lilikuwa asante, tuko sawa.

Mwanzoni mwa 2005 nchi iliitwa kupiga kura ya katiba mpya. Ghada alipanga foleni kwenye uwanja wa shule, asubuhi yenye mawingu, wanawake wakiwa wamebeba watoto migongoni na miavuli mikononi. Mbele yake kidogo aliiona hijabu ya kijani na mabega aliyoyatambua. Dalia aligeuka, wakatazamana.

"Asalaam alaikum, Maître."

"Waalaikum salaam, Dalia. Mama hajambo?"

"Ni muzima. Amepiga kura tangu asubuhi." Dalia alisita, kisha akaongeza, "Niko mwaka wa mwisho. Kuna shule ya jioni kule Buyenzi, wanatupokea hivi hivi. Tuko wakubwa wengi, hata wenye watoto."

"Alhamdulillahi," Ghada alisema. "Utafanya nini baadaye?"

"Sijui bado. Si sheria." Dalia alitabasamu kidogo, na hakukuwa na kejeli katika tabasamu lile, alikuwa akisema tu kweli. Foleni ikasogea. Mama mmoja aliingia kati yao na mtoto analia, na Dalia akageuka mbele.

Ghada alibaki mahali pake, masikio yakimwaka kama siku ile aliposoma hukumu koridoni. Alivuta mtandio wake vizuri, upepo ulikuwa ukiusumbua, akasogea hatua moja na wenzake. Nyuma yake mwanamke asiyemjua alimwuliza kama mstari huu ndio wa majina ya herufi za mwanzo, na Ghada akamjibu kwamba ndiyo, ni huu.